Safari fupi kutoka Gitega: mas-ala ya nia, ngoma za Gishora na njia ya Muyinga



Ndugu zangu katika imani, mnaikumbuka darsa ya Ijumaa ile ambayo haikwisha. Kamati ilipendekeza kwamba katika likizo fupi tufanye safari mbili: ya kwanza ya nusu siku, hapa hapa Gitega na Gishora, ya pili ya kulala usiku mmoja, Muyinga. Kabla hata hesabu ya nauli haijasomwa, kaka mmoja akasimama na hadithi ya misikiti mitatu. Mwingine akauliza kama tutapunguza swala. Dada mmoja akauliza habari ya mahram. Na wa mwisho, aliyekaa nyuma kabisa karibu na viatu, akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka leo: "Gishora ni kwa mwami. Sisi Waswahili pale tuna nini?"

Niliombwa niandike majibu. Mimi na wenzangu wawili tukatangulia kuikagua njia, na haya ndiyo tuliyorudi nayo. Naanza na ya fiqhi, kwa sababu ndiyo mepesi.

Hadithi aliyoitaja kaka yetu ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Inakataza kufunga safari isipokuwa kuelekea misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na Al-Aqsa. Wanavyuoni walio wengi wameielewa kuwa inahusu mtu anayefunga safari kwenda mahali kwa kuamini kwamba ibada ina ubora zaidi pale. Ndiyo maana mkazi wa Gitega akiweka nadhiri ya kuswali katika msikiti wa Muyinga, kwa madhehebu ya Shafi hailazimiki kupanda basi. Ataswali hapa hapa na inatosha. Lakini safari ya biashara, ya kutafuta elimu, ya kuwaona jamaa, haikuguswa na katazo hilo. Wapo walioipanua hadithi mpaka kwenye safari ya kuzuru makaburi, na mjadala huo ni mrefu. Sisi hatuendi kaburini.

Upande wa pili ipo Qur'ani. Suratul Ankabut, aya ya 20, inaamrisha kutembea katika ardhi na kuangalia. Suratul Hajj, aya ya 46, inawauliza wale waliotembea bila nyoyo zao kufahamu kitu. Basi kutembea kumeamrishwa, na kutembea kipofu kumelaumiwa.

Hapo ndipo nilipokutana na maneno yaliyonitia hofu kidogo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Rawdhatu Twalibin, anamnukuu Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, baba yake Imamul Haramayn, kwamba kusafiri kwa ajili ya kuiona miji tu na kuitazama si katika makusudio sahihi ya safari. Maana yake ni kwamba msafiri wa namna hiyo hapati ruhusa za safari, hapunguzi swala. Soma tena, kisha fikiria simu zetu na picha tunazopiga mbele ya kila kibao! Kwa hiyo anayetaka kwenda Muyinga ajiulize kwanza anakwenda kufanya nini. Mimi nilijiambia nakwenda kusoma historia ya watu wangu. Kama nia hiyo ilikuwa safi wakati wote, Allah ndiye ajuaye.

Sasa Gishora. Ni kilomita kama 7 kaskazini ya mji, kwa hiyo hakuna kupunguza swala. Ukitoka baada ya Adhuhuri unarudi kabla ya Magharibi. Ni kilima chenye ua wa mwami, nyumba za nyasi zilizosukwa kwa ustadi, na ngoma. Simulizi za pale zinasema Mwami Mwezi Gisabo aliijenga baada ya kumshinda mkubwa mmoja aliyemuasi, jina lake Ntibirangwa. Kwa Kirundi neno *ingoma* lina maana mbili, ngoma na utawala, na pale juu ndipo unapoelewa kwa nini. Ngoma mbili takatifu za Gishora zina majina yao: Ruciteme, yule ambaye kwa ajili yake msitu unafyekwa, na Murimirwa, yule anayelimiwa. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kuna aliyeuliza kama inafaa Muislamu kuingia mahali palipofanyiwa ibada za kale. Jeshi la Mtume (S.A.W.) lilipopita Al-Hijr, penye nyumba za Thamudi, likielekea Tabuk mwaka wa 9 Hijria, aliwaagiza Masahaba wasiingie ila wakiwa katika hali ya kulia, wakapita haraka. Pale palikuwa mahali pa adhabu, na Gishora siyo. Lakini adabu ya moyo uliozinduka naichukua kutoka huko. Tuliangalia, tuliuliza, tuliandika. Hatukuinamia kitu.

Narudi kwa kaka wa nyuma. Swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, maana mwongozaji, bila kujua sisi ni nani, alisimulia maadui wa Mwezi Gisabo mmoja mmoja. Miongoni mwao ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara mzaliwa wa Lindi aliyeweka makao yake Ujiji, ambaye watu walimwita Rumaliza. Katika miaka ya 1880 alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki. Watu wa mwami wakamzuia, na nguvu yake ikabaki kwenye ufuo wa ziwa. Bunduki zile zilikuja kwa ajili ya pembe za ndovu na watumwa. Hatukutazamana, sisi watatu.

Ndugu zangu, katika vikao vyetu tunapenda kusimulia Uislamu ulivyoingia nchini kama msafara wa tende na tasbihi. Sehemu ya habari hiyo ni kweli, lakini sehemu nyingine ni hii, na imehifadhiwa katika kumbukumbu za majirani zetu hata kama sisi tumeisahau. Mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hana ruhusa ya kuchagua nusu ya habari. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara na ibada. Mtu aliyechoma kijiji ili apate watumwa wa kuuza hakupata hukumu hiyo katika kitabu chetu, hata kama jina lake ni Muhammad.

Mjini kwenyewe, Makumbusho ya Taifa yalianzishwa mwaka 1955. Si makubwa, saa moja inatosha: vikapu, mikuki, mapambo ya watu wa ikulu, picha za zamani. Ukiwa na muda mchache, afadhali uache saa hiyo uiongeze Gishora. Jambo la kuangalia zaidi Gitega ni mji wenyewe. Mwezi Gisabo alishindwa na Wajerumani na kutia saini mapatano ya Kiganda tarehe 6 Juni 1903, akafariki 1908. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamishia makao yao ya utawala hapa kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Pamoja nao walikuja askari, makarani na wachuuzi, wengi wao Waislamu wenye kuzungumza Kiswahili. Kwa hiyo adhana ilifika nyanda za kati ikitembea na boma la mkoloni, na mji wetu, ambao mwishoni mwa 2018 ulitangazwa tena kuwa makao makuu ya nchi, ulizaliwa katika kishindo hicho.

Kutoka hapo jina likashika. Katika Burundi, anayesilimu huitwa Umuswahili, hata kama ukoo wake haujawahi kuteremka mlima. Babu yangu mzaa baba alizaliwa kwenye kilima kimoja upande wa Karuzi. Alisilimu akiwa kijana mikononi mwa muuza vitambaa, na tangu siku hiyo ndugu zake wa tumbo moja walimwita Umuswahili. Bahari hakuiona mpaka anaingia kaburini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na Kirundi chake kilikuwa cha wazee, chenye mafumbo ambayo mimi siyawezi.

Basi nikamjibu kaka yetu moyoni, nikiwa nimesimama mbele ya Murimirwa, anayelimiwa: baba wa babu yangu ni katika waliolima. Bunduki za Ujiji zilikuwa zinawatafuta watu kama yeye. Nimerithi dini, nikabandikwa na jina la waliomwinda, na vyote viwili ninavyo. Gishora tunacho kitu, na hatuhitaji kuomba radhi kwa kupanda kilima kile.

(Na kwa wanaosema sisi ni wageni wa juzi: Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru, alizaliwa Gitega mwaka 1932, na alipoanza siasa, Waswahili wa Buyenzi kule Bujumbura walikuwa katika watu wa mwanzo kumuunga mkono.)

Njia ya Muyinga inapita Karuzi. Hapa ndipo hukumu za safari zinapoanza, na tulizihitaji kweli. Kwa Shafi, masafa ya kupunguza swala ni farsakh 16, ambazo wengi wa siku hizi wanazikadiria kuwa kilomita 82 hivi. Karuzi haifiki. Muyinga inapita. Lakini huangalii umefika wapi sasa, unaangalia uliponuia kwenda tangu mwanzo. Mwenye nia ya Muyinga anaanza kupunguza akishaziacha nyumba za mwisho za Gitega, na akisimama Karuzi kuswali Adhuhuri ni rakaa mbili. Mwenye nia ya Karuzi tu, katika basi hilo hilo, kiti cha jirani, anaswali nne. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ukiswali nyuma ya imamu mkazi unakamilisha naye, na hili wengi wetu tunalisahau tukiingia msikitini njiani. Ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, umekuwa mkazi.

Sisi tulichelewa kwa sababu ya mafuta. Basi lilisimama saa nzima likisubiri madumu kutoka mahali ambapo dereva hakutaka kupataja. Tukaukusanya Alasiri na Adhuhuri kando ya barabara, juu ya mkeka wa mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakuwa Muislamu na alikataa faranga zetu.

Kabla ya Karuzi unauvuka Ruvubu. Usilale. Maji yale yanakwenda Tanzania, yanakutana na Nyabarongo na kuwa Kagera, yanaingia Ziwa Viktoria, na mwisho wake ni Nile ya Misri. Mto ule aliotiwa Nabii Musa (A.S.) akiwa mchanga ndani ya sanduku unapata sehemu ya maji yake hapa, katika mabonde yetu ya mihogo na kahawa.

Muyinga yenyewe haina ikulu wala makumbusho. Ni mji wa njia, karibu na mpaka wa Kobero ambako malori ya Dar es Salaam yanaingilia, na historia yake iko sokoni na msikitini. Waislamu ni wengi kuliko tulivyozoea nyanda za kati, na unasikia bei ikitajwa kwa Kirundi na ugomvi ukimalizwa kwa Kiswahili. Baada ya Alasiri mzee mmoja alituita chini ya mti. "Wanangu, mmetoka makao makuu kuja kutazama nini huku?" Tukamwambia. Akacheka, akatuelekeza mkono mashariki: Bugufi. Nchi ile ilikuwa ya mwami wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikabaki Tanganyika, leo wilaya ya Ngara. Alisema utotoni mwake watu walikwenda harusini upande wa pili na kurudi, na aliyewauliza karatasi walimwona hana adabu. Nilifikiri juu ya Suratul Hujurat, aya ya 13, ile ya mataifa na makabila, nikaona haya kwamba nimeihifadhi tangu madrasa bila kujua Bugufi iko wapi.

Kuna jengo moja jipya la kuliendea: maktaba ya Muyinga, iliyokamilika mwaka 2012. Ilibuniwa na wasanifu wa BC Architects wa Brussels pamoja na mafundi wa mahali hapo, kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na miti ya mikaratusi, kwa ajili ya watoto viziwi na majirani zao. Ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto wanajilaza humo na vitabu vyao. Wanaosema udongo ni wa maskini wakaione.

La mahram. Hadithi ya mwanamke kutosafiri mwendo wa mchana na usiku bila mahram ni sahihi. Mashafi wameruhusu kundi la wanawake waaminifu kwa hija ya faradhi, na matembezi yetu hayaingii humo. Kwa hiyo Gishora twende sote. Muyinga waende dada wenye kaka, baba au mume wa kufuatana naye. Najua jibu hili halitawafurahisha wote, na dada aliyeuliza ameshaniambia hivyo bila kuficha. Lakini pia ameleta jina la mjomba wake, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye yuko tayari kufuatana na wapwa zake wanne na kutusomesha njiani. Kamati imekubali kumlipia nauli.

Orodha iko ubaoni, karibu na chumba cha swala. Asiye na nauli yote aandike jina hivyo hivyo, mweka hazina atazungumza naye faraghani. Tutaondoka baada ya Alfajiri, kila mtu na chupa yake ya maji na mkeka wake. Basi likikosa mafuta siku hiyo, tutaondoka kesho yake.