Kulinganisha Picha ya Setilaiti na Ramani: Somo la Madarasa ya Juu

Shabaha. Mwisho wa kipindi, wanafunzi waweze kueleza kwa nini picha ya setilaiti husahihishwa kabla ya kutumiwa kama ramani.

Maelezo kwa mwalimu. Picha hii ni mkusanyiko wa miraba midogo. Katika picha za Sentinel-2, zilizoanza kupatikana mwaka 2015, mraba mdogo kabisa hufunika mita 10 kwa 10 za ardhi. Picha hupotoka kwa kuwa dunia huzunguka chombo kinapopita, chombo chenyewe huinama, na vilima huonekana vimesogea pembeni. Tena, ramani nyingi za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia WGS 84. Kwetu Dar es Salaam tofauti ya misingi hiyo ni ya mamia ya mita. Asiyeizingatia aweza kuiweka nyumba ya Tegeta ng'ambo ya mto, na ramani ya mafuriko ikampotosha mwenye nyumba.

Zana. Ramani ya mtaa, picha yenye kipimo kilekile, nailoni angavu, pini na rula.

Hatua. Kwanza, wanafunzi watafute alama tatu zinazoonekana kotekote: njia panda katika Barabara ya Bagamoyo, daraja, pembe ya jengo. Wasichague kilele cha Wazo wala ukingo wa machimbo ya saruji. Kilele husogea pichani, na machimbo hubadilika. Alama zitawanyike, zisisongamane upande mmoja.

Pili, wanakili alama za picha kwenye nailoni, kisha waiweke juu ya ramani. Wakibana alama moja kwa pini, nailoni huzunguka. Wakibana ya pili, hutulia.

Tatu, waitazame alama isiyobanwa. Hiyo ndiyo shahidi. Ikikosana na ramani kwa milimita 2, katika kipimo cha 1:10,000 kosa ni mita 20.

Zoezi. Wanafunzi waeleze kosa hilo lingemdhuru nani mtaani kwao.

Hitimisho. Tuwakumbushe wanafunzi mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walitembea mitaani wakihakiki yale yaliyoonekana pichani. Nasi tuwatoe wanafunzi wetu nje wakahakiki alama zao.