Mpango wa kulinda bahari huanzia chooni kwetu



Kila masika yanapokaribia, sisi tunaofanya kazi katika vituo vya afya vya mwambao huanza kuweka tayari dripu na pakiti za ORS. Msimu mmoja aliletwa kwangu mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi upesi. Nilimuuliza mama yake kama kuna wengine wanaoharisha. Akajibu kuwa nyumba tatu za jirani wanaumwa, tangu usiku ule wa mvua kubwa. Kisha akainamisha kichwa na kusema: "Daktari, mvua ile na sisi tulitapisha." Alhamdulillah, mtoto alipona.

Kwa asiyelijua neno hili, kutapisha ni kutoboa shimo la choo au karo wakati mvua inanyesha, ili kinyesi kichukuliwe na maji. Asubuhi shimo liko tupu na mwenye nyumba anashukuru kuwa uchafu umekwenda. Somo la leo linauliza: umekwenda wapi? Taifa limepanga nini juu yake? Na sisi Waislamu tunatakiwa tufanye nini?

Uchafu unakwenda wapi?

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi pale Salender. Mitaro mingi ya mitaa ya jirani huishia ndani yake. Basi kinachotapishwa mtaani usiku huingia mtaroni, kutoka mtaroni huingia mtoni, na kutoka mtoni huingia baharini. Njiani hupita kwenye visima vifupi, kwenye bustani za mboga na kwenye miguu ya watoto wanaocheza.

Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 80 ya uchafuzi wa bahari duniani hutoka nchi kavu. Meli tunazoziona kwa mbali si mkosaji mkuu. Mkosaji ni choo, jaa la taka, kiwanda, gereji inayomwaga oili chafu na shamba linalotiririsha mbolea.

Kinyesi kikifika baharini hakiishi hapo. Chaza na kome hupata chakula chao kwa kuchuja maji, hivyo vijidudu vilivyomo majini hujikusanya katika miili yao. Anayewala bila kuiva vizuri anaweza kupata kipindupindu, homa ya matumbo au homa ya ini ya aina A. Wanaoogelea karibu na mdomo wa mto baada ya mvua huweza kupata maradhi ya ngozi, macho na masikio. Aidha, kimelea cha kipindupindu kinaweza kuishi katika maji ya mahali mto unapokutana na bahari, kikijishikiza kwenye viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Matumbawe nayo, ambayo ndiyo makazi ya samaki, hudhoofika pale maji yanapojaa tope na mwani unaostawishwa na uchafu huo. Kitoweo cha mvuvi kinapungua kwa sababu ya shimo lililotobolewa mbali na pwani.

Maji twahara na maji salama

Hapa baadhi yetu hupinga: "Bahari haichafuki." Wanakumbuka hadithi mashuhuri ya mabaharia waliomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wanaweza kutawadha kwa maji ya bahari, naye akawafahamisha kuwa maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Hilo ni sahihi na hakuna wa kulibishia. Hali kadhalika tulisoma madrasa, katika fiqhi ya Imam Shafi, kuwa maji mengi yaliyofikia qullatayn hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu.

Lakini hukumu hiyo inajibu swali la udhu. Haijibu swali la kuharisha. Maji yanaweza kuwa hayajabadilika rangi, ladha wala harufu, na bado yakabeba vimelea vya kumlaza mtu kitandani. Na fiqhi hiyo hiyo iliyotufundisha qullatayn imetufundisha pia kuwa madhara huondolewa, na kwamba haifai kujidhuru wala kumdhuru mwingine. Mtume (s.a.w.) amekataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzika watu. Iwapo haja ya mtu mmoja imekatazwa hapo, vipi shimo la familia nzima kumwagwa kwenye mtaro wa jirani?

Mpango wa taifa ni kitu gani?

Mwaka 1995, mjini Washington, serikali 108 pamoja na Tume ya Ulaya zilikubaliana juu ya Mpango wa Dunia wa kulinda bahari kutokana na shughuli za nchi kavu. Ulitaja aina tisa za uchafuzi na uharibifu, majitaka ya vyooni yakiwemo, na ukazitaka nchi ziandae mipango yao zenyewe. Katika eneo letu la Magharibi ya Bahari ya Hindi, nchi zilizo chini ya Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 zilipitisha mwaka 2010 itifaki maalumu juu ya uchafuzi utokao nchi kavu.

Mpango wa namna hii unafanana sana na kazi ya tabibu. Kwanza hutambua ugonjwa na chanzo chake. Pili hupanga nini kitangulie. Tatu huweka lengo. Nne huchagua tiba. Tano hurudi kupima kama mgonjwa amepata nafuu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri na wizara ziandae mipango ya mazingira, na taifa liwe na mpango wake. Inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Maana yake mpango si karatasi ya wizarani tu. Una kiti cha kukaliwa na jirani yako, au na wewe.

Tusiwalaumu wanyonge peke yao

Ni haki tuseme ukweli. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Gari la kunyonya halipiti kwenye vichochoro, na likipita gharama yake ni nzito kwa mwenye kipato kidogo. Yule mama hakutapisha kwa ujeuri. Kwa hiyo mpango ambao haufiki kichochoroni haujaifikia bahari. Ni wajibu wetu kuwauliza viongozi suala hili kwenye mikutano ya mtaa, kwa adabu na bila kuchoka.

Tufanye nini?

1. Shimo lisingoje masika. Likaguliwe na kunyonywa wakati wa kiangazi.

2. Majirani wachangie gari moja. Pale lisipofika, waombe kwa pamoja huduma ya pampu ndogo.

3. Anayejenga asichimbe choo karibu na kisima, mto au ufukwe. Amwone bwana afya kwanza.

4. Taka na oili chafu zisitupwe mtaroni. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tulirudi kwenye vikapu na maisha yakaendelea. Tukiamua tunaweza.

5. Chaza na kome wasiokotwe kwenye midomo ya mito, hasa baada ya mvua, na wapikwe mpaka waive kabisa.

6. Mtoto akiharisha apewe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, na aendelee kula au kunyonya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, akimbizwe kituoni mara moja.

Baada ya kusoma, baba, mama na watoto waulizane: shimo letu lilinyonywa lini? Mtaro wetu unaishia wapi? Nani anatuwakilisha katika kamati ya mazingira ya mtaa? Asiyejua jibu la swali la tatu na aende ofisi ya serikali ya mtaa wiki hii akaulize.

Wabillahi tawfiiq.