Kuchagua Ramani Inayoendana na GPS ya Mkononi



Katika maombi ya vifaa yanayotufikia hapa Buhongwa, "GPS moja pamoja na ramani" umekuwa mstari wa kawaida kwenye bajeti. Ni mstari mfupi, na mara nyingi tumeupitisha bila kuuliza ni ramani gani. Somo hili linaeleza kwa nini tumeanza kuuliza.

Tulikuwa tunachimba kisima katika kigango kimoja upande wa Misungwi. Mahali palikuwa pamekwisha kuchaguliwa na wanakijiji pamoja na mpimaji. Koordineti zilisomwa kutoka kwenye ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000, zikaandikwa kwenye fomu vizuri kabisa. Siku ya kazi, gari la mtambo lilifuata GPS ya mkononi iliyoingizwa namba zilezile, likasimama ng'ambo ya korongo, kwenye shamba la mihogo la mtu ambaye hata hakuwa amehudhuria mkutano. Mahali palipokusudiwa palikuwa mita kama 300 kusini. Aliyetuokoa ni katekista, ambaye siku ya uchaguzi alikuwapo na alikumbuka mti. Mtambo hulipiwa kwa siku, na nusu ya siku ile tuliilipia mabishano.

Tulikagua fomu tukakuta hakuna aliyekosea kusoma wala kuandika. Ramani ile na GPS ile havikuendana, basi.

Kuendana kuna mambo matatu: kifaa kiweze kufungua ramani; ramani na kifaa vitumie msingi mmoja wa vipimo; na ramani iwe na habari za mahali mnapofanyia kazi. Watu wengi huuliza la kwanza tu.

Je, kifaa kinaifungua?

Si kila GPS inapokea ramani. Mfano mzuri ni Garmin eTrex 10 na eTrex 20, zilizotoka pamoja mwaka 2011. Umbo ni lilelile, na zote hutumia betri mbili ndogo za kawaida ambazo kila duka linazo. Lakini eTrex 10 haiongezwi ramani, na eTrex 20 huongezwa, tena ina sehemu ya kuweka kadi ya kumbukumbu. Ukinunua kwa kutazama picha tu utajikuta na ile ambayo haikufai. Soma namba ya mfano nyuma ya kifaa, kisha soma kijitabu chake.

Kila kampuni ina muundo wake wa faili. Vifaa vya Garmin husoma mafaili yenye mwisho wa .img, GPS ya kampuni nyingine haitayafungua, hata kadi ikiingia bila shida. Faili liwekwe kwenye folda iitwayo Garmin. Vifaa vya zamani husoma faili moja tu, na lazima liitwe gmapsupp.img. Ukilipa jina la kijiji chako kifaa kitanyamaza kana kwamba hakuna kitu. Vipya zaidi hukubali mafaili kadhaa yenye majina tofauti. Angalia pia ukubwa wa kadi, kwa sababu vifaa vya zamani havitambui kadi kubwa za siku hizi.

Kamati moja ilipiga picha ramani ya ukutani na kuiweka kwenye kadi. Picha peke yake haiwi ramani, maana kifaa hakijui kona zake ziko wapi duniani. Inawezekana kuipanga juu ya picha za satelaiti katika programu ya Google Earth na kuihifadhi kama faili la KMZ, ambalo baadhi ya vifaa vya Garmin vilianza kulisoma mwaka 2009. Ni kazi ya kijana mwenye kompyuta na subira. Ukiipanga kwa kulinganisha njia panda, daraja na paa la kanisa, inafanya kazi vizuri.

Mita 300 zilitoka wapi?

Hapa ndipo penye uzito. Dunia si mviringo kamili, kwa hiyo wapimaji huchagua umbo la kukadiria na mahali pa kuanzia kuhesabu. Mpango huo huitwa datamu. Ramani za karatasi za Tanzania za 1:50,000, ambazo wengi wetu tunazo makabatini, zilichorwa kwa datamu iitwayo Arc 1960. GPS hufanya hesabu zake kwa datamu nyingine, WGS 84. Mahali palepale, mti uleule, una namba mbili tofauti kidogo, na zote mbili ni sahihi kila moja kwa datamu yake.

Katika eneo letu tofauti hiyo ni takribani mita 300 kaskazini–kusini, na chini ya mita 100 mashariki–magharibi. Ukichukua namba za Arc 1960 na kuziingiza kwenye GPS iliyowekwa WGS 84, utapelekwa kaskazini ya mahali penyewe. Ndivyo ilivyotupata. Mtu asidhani ni udhaifu wa GPS. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza usahihi wa mawimbi hayo kwa makusudi, na kukosea mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Siku hizi kifaa cha mkononi, mahali pa wazi, hukosea mita 5 hadi 10. Mita 300 zote zilikuwa zetu.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye ukingo wa ramani ya karatasi, chini, datamu imeandikwa. Kabla ya kuingiza namba zilizosomwa hapo, badilisha mpangilio wa kifaa kuwa Arc 1960, ingiza, hifadhi, kisha rudisha WGS 84. Kifaa kitafanya hesabu chenyewe. Wengi wanadhani kubadilisha mpangilio kunahamisha nukta iliyokwisha kuhifadhiwa. Hakuihamishi, kinachobadilika ni namba zinazosomeka kwenye kioo. Ndiyo maana koordineti isiyoandikwa datamu pembeni yake haijakamilika, na fomu zetu mpya zina kisanduku cha kuijaza.

Kuna mtego mwingine. Buhongwa iko karibu na nyuzi 2 na dakika 36 kusini. Mtu akiandika 2.36 akidhani ni kitu kilekile, amekosea, kwa sababu dakika ziko 60 katika uzi mmoja. Dakika 36 ni 0.60 ya uzi. Uzi mmoja ni kilomita kama 111, kwa hiyo kosa hilo la nukta moja linampeleka mtu zaidi ya kilomita 26 kaskazini, kupita uwanja wa ndege wa Mwanza. Na wanaotumia namba za mita za mfumo wa UTM wakumbuke kuwa Mwanza iko kanda ya 36, wakati Arusha na Dar es Salaam ziko kanda ya 37.

Ramani inapafahamu hapa petu?

Ramani nzuri ya Ulaya haimsaidii mtu anayekwenda Kwimba. Kwa eneo letu kuna njia mbili tunazozifahamu. Ya kwanza ni ramani za kununua, kama zile za Tracks4Africa, ambazo zimetengenezwa kwa wasafiri wa barabara za Afrika. Ni za kuaminika kwa barabara, lakini ramani ya kulipia kwa kawaida hufungwa kwa kifaa kimoja au kadi moja. Kadi ikipotea, fedha imepotea. Ya pili ni ramani za bure zinazotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambapo yeyote anaweza kuchora na kusahihisha. Hizi zimo katika WGS 84, na zinapatikana zikiwa tayari kwa vifaa vya Garmin.

Sisi tunapendelea hizi za bure, na si kwa sababu ya bei tu. Jirani zetu wa Mara wametuonyesha faida yake. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji kutoka kwenye picha za satelaiti, na wenyeji wakiongeza majina. Ramani hizo zimewasaidia wanaokwenda kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji, katika vijiji ambavyo awali havikuonekana kwenye ramani yoyote ya kompyuta. Kamati inaweza kufanya vivyo hivyo kwa vigango vyake.

Jaribu ramani kabla ya kuiamini. Tazama Kigongo na Busisi. Daraja lilifunguliwa Juni 2025. Ramani inayoonyesha kivuko peke yake ni ya zamani, na itakudanganya muda wa safari ya kwenda Sengerema. Kama inaiweka Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza, ni ya kabla ya 2012. Tafuta barabara ya Buhongwa kwenda Igoma kupitia Kishiri. Kwa wenzetu wa Ukerewe na Kome, msiuamini sana mstari wa ufuko: ziwa lilishuka mno mwaka 2006 na likafurika mwaka 2020, kwa hiyo nukta ya kisima cha ufukweni yaweza kuonekana ipo majini bila kosa la mtu yeyote.

Mtu anaweza kuuliza kama kweli ramani inahitajika, maana GPS bila ramani hurekodi nukta vilevile. Ni kweli, na kwa kamati yenye fedha kidogo kifaa kisicho na ramani kinatosha. Lakini fikirini jambo hili. Katika takwimu za vituo vya maji vya nchi nzima, zilizokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013 na baadaye kutumika katika shindano la wachambuzi wa takwimu, vituo zaidi ya 1,800 kati ya 59,400 vina longitudo sifuri. Ukiviweka kwenye ramani vinaangukia baharini, kusini ya Ghana. Vyote vimeandikwa kuwa ni vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Pampu hizo zipo na watu wanachota. Lakini fundi anayetumwa kuitengeneza mojawapo kwa kutumia orodha ile hana pa kwenda. Mwenye ramani kiooni huliona kosa kama hilo akiwa bado amesimama kisimani.

Kwa wafadhili wanaotutumia vifaa vilivyotumika, tunashukuru sana. Tunaomba mtuandikie kwanza namba ya mfano, na mtuambie kama kina nafasi ya kadi. Ramani za kwenu zilizomo ndani hazitusaidii, na msinunue nyingine kabla hatujajibu.

Zoezi kabla ya mkutano ujao

Simameni mlangoni pa kanisa la kigango, nje ya kivuli cha miti. Subirini dakika chache kifaa kitulie. Hifadhini nukta, kisha andikeni jina, latitudo, longitudo, datamu na tarehe. Tazameni kama ramani inawaonyesha upande sahihi wa barabara. Halafu badilisheni mpangilio kuwa Arc 1960 na msome tena bila kusogea: namba ya latitudo ya kusini itapungua kwa karibu sekunde 10, na longitudo kwa sekunde 2 hadi 3. Namba zisipobadilika kabisa, kuna aliyekuwa amekiacha kifaa kwenye Arc 1960 tangu mwanzo, na nukta zote alizoandika kwenye daftari zikaguliwe upya. Rudisheni WGS 84 kabla ya kuzima, na mtutumie karatasi hiyo pamoja na ripoti ya robo mwaka.