Spea za Datsun 240Z: namba, raba na kuijua lugha ya muuzaji

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na Datsun 240Z, baada ya kukata tope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka miwili baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda mashindano hayo kwa gari la aina hiyohiyo. Gari la Herrmann leo limetulia katika ghala la urithi la Nissan huko Zama, Japani. Ndugu zake waliobaki mikononi mwa watu hawana fundi wa kiwanda wa kuwauguza. Uhai wao unategemea muuzaji wa spea anayeijua kazi yake, na mwenye gari anayejua cha kumuuliza. Yafuatayo ni maswali ambayo wenye 240Z huuliza mara kwa mara.

Mwenye gari aanzie wapi kabla ya kuagiza chochote?

Aanzie kwenye namba ya chesesi. Gari linaloanza na HS30 ni la usukani wa kulia, na lenye HLS30 ni la usukani wa kushoto. Tarakimu zinazofuata huonyesha kama lilitoka kiwandani mapema au baadaye, na jambo hilo lina uzito kuliko mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Nissan ilibadilisha mambo katikati ya mwaka bila kubadilisha jina la gari. Magari ya mwanzo yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa 1971 matundu hayo yalihamishiwa kwenye nguzo za pembeni, nyuma ya vioo. Kwa hiyo anayeagiza "mlango wa nyuma wa 240Z ya 1971" hajasema kitu. Muuzaji anaweza kumtumia mlango halali kabisa ambao si wa gari lake.

Namba ya pili ni ya kipuri chenyewe. Namba za Nissan zina sehemu mbili zenye herufi au tarakimu tano kila moja. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya kipuri: 15208 ni filta ya oili, 11044 ni gasketi ya silinda hedi, 41060 ni pedi za breki za mbele. Sehemu ya pili hutaja ni ya injini ipi au gari lipi. Mfumo huo unatumika hadi leo, hata kwenye Nissan mpya. Mwenye gari akiuzoea, atagundua kosa kwenye ankara kabla mzigo haujaondoka ghalani. Ni maarifa ya jioni moja, na faida yake hudumu miaka.

Wauzaji wengi wa 240Z wako Marekani. Kuna ubaya wowote kununua huko?

Hakuna ubaya, kwa sababu sehemu kubwa ya magari haya iliuzwa huko na ndiko soko lilikokomaa. Hatari ni usukani. Dashibodi, reki ya usukani na mitambo ya waipa ya gari la kushoto haviingii kwenye gari la kulia. Wauzaji wa Marekani mara nyingi hawaandiki neno "kushoto" kwenye tangazo, maana kwao hakuna mkono mwingine. Kwa vipuri vya namna hiyo ni heri kutafuta Australia, Uingereza au Japani kwenyewe.

Taa za mbele ndizo huwaponyoka hata wazoefu. Ni za duara, inchi 7, na zinaingia kwenye 240Z yoyote bila ubishi. Lakini taa iliyotengenezwa kwa barabara za Marekani, ikipunguzwa usiku, huelekeza mwanga wake upande wa kulia. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kulia ndiko anakotokea dereva mwingine. Kipuri kimekaa vizuri, boliti zimekaza, na bado gari ni hatari. Muuzaji aulizwe waziwazi taa hiyo ni ya nchi zinazoendesha kushoto au kulia.

Kwa nini bei zimepanda hivi?

Mwaka 1970 gari jipya liliuzwa Marekani kwa dola 3,526. Januari 2020, 240Z moja ya 1971 iliyotunzwa vizuri mno iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Ni gari moja kati ya maelfu, lakini habari ile ilimfikia kila mwenye sanduku la spea kuukuu, na tangu hapo jina la gari lenyewe lina bei.

Kipuri cha kiwandani kilichokaa stoo miaka yote hiyo ni bora kuliko kipya cha kuigiza?

Inategemea kimetengenezwa kwa nini. Kioo, kitasa, gia au kifuniko cha chuma kilichofungwa vizuri tangu miaka ya 1970 ni hazina, na mwenye gari asikawie. Raba ni habari nyingine. Sili ya masta silinda iliyokaa kwenye boksi lake miaka 50 ina umri wa miaka 50, hata kama haijawahi kuguswa na oili ya breki. Huwa imekakamaa na midomo yake imekufa. Kumlipa mtu bei ya juu kwa sababu boksi lina nembo ya zamani ya Nissan ni kununua boksi. Kwa breki, mafuta na maji, raba inunuliwe mpya.

Hata hivyo mpya nazo zina yake. Raba nyingi za milango zinazotengenezwa leo kwa ajili ya 240Z ni nene kupita kiasi, na mlango hukataa kufunga mpaka uubamize kwa nguvu zote. Wenye magari haya waligundua zamani kwamba raba ya mlango ya Kia Sportage ya miaka ya 1990 hukaa vizuri zaidi.

Kumbe spea za magari mengine zinafaa?

Nyingine zinafaa sana, na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo mwenzake wa Ulaya hana. Kalipa za mbele za Toyota Hilux ya 4x4 ya kati ya 1979 na 1985, zenye pistoni nne, hufungwa kwenye 240Z kwa matundu yaleyale ya boliti. Difu ya R180 iliyo chini ya 240Z ni ya familia moja na ile ya Subaru Impreza STI, ingawa ekseli zake zinahitaji kubadilishwa au kutengenezewa viunganishi. Injini ya L28 ya lita 2.8, ndugu mkubwa wa L24 ya gari hili, ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za toleo la 160. Kabla ya kununua, fundi alinganishe chungu cha oili na mabano.

Kalipa kubwa kama zile za Hilux hudai oili zaidi kutoka kwenye masta silinda, kwa hiyo pedeli huweza kuzama. Kazi hii ni ya fundi wa breki anayeaminika, na gari lijaribiwe mahali patupu kwanza.

Dukani je, Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, mtu azungumzeje?

Aingie na kipuri cha zamani mkononi, na jina la gari alibakize mdomoni. Beringi ina namba ya mtengenezaji iliyochongwa ubavuni, na namba hiyo haijui Datsun wala Toyota. Sili ya oili hutafutwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Muuzaji wa beringi atatoa ileile kwa bei ya kila siku. Akitajiwa "240Z ya mashindano", hesabu hubadilika.

Muuzaji wa kushikamana naye ni yule anayesema "hii sina" bila kuona aibu. Anayesema "itaingia wiki ijayo" kwa kila kitu atakula amana na muda. Aombwe picha ya kipuri chenyewe, rula ikiwa pembeni, na namba isomeke; anayetuma picha ya katalogi hana mzigo. Akifanya vizuri, naye alipwe haraka na atumiwe wateja. Wauzaji hawa ni wachache, baadhi wamezeeka, na stoo zao zikifungwa hakuna atakayezifungua tena.

Ushuru unahesabiwaje?

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kawaida ushuru wa forodha hutozwa kwa bei ya kipuri pamoja na bima na nauli. Boneti ya dola 200 inayosafirishwa baharini kwa dola 300 huhesabiwa kama mzigo wa dola 500 na bima juu yake, kisha kuna VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Vipande vya bodi vipitie baharini, na wenye magari wawili watatu waagize pamoja.

Na wanaodai kurudishiwa kipuri cha zamani?

Wauzaji wa Marekani wanaokarabati kalipa na kabureta huongeza amana juu ya bei, na huirejesha wakipokea kile kibovu. Kwa aliyeko Mombasa, kurudisha chuma kile kwa ndege huzidi amana yenyewe. Aombe kununua vifaa vya ukarabati peke yake, yaani sili, jeti na gasketi, na chuma cha asili kibaki gereji. Kabureta za Hitachi za 240Z za miaka ya mwanzo, zile zenye kichwa cha mviringo, zisitolewe kabisa. Zipakwe oili, zifungwe kwenye kitambaa, na kwenye boksi iandikwe namba ya chesesi ya gari zilikotoka.