Bendeji Inayojishika: Namna ya Kuifunga Pasipo Kumdhuru Majeruhi

Katika barabara za Uganda, mara nyingi mwendesha bodaboda au mwenye duka ndiye amfikiaye majeruhi kabla ya askari na kabla ya gari la wagonjwa. Kwa sababu hiyo, katika somo hili tunaeleza matumizi ya bendeji inayovutika na kujishika yenyewe. Bendeji hii hunata juu yake yenyewe tu. Hainati kwenye ngozi wala nywele, wala haihitaji pini.

Uwezo wake wa kukaza ndio faida yake, na ndio hatari yake pia. Ikivutwa mno huzuia damu kufika vidoleni; na uvimbe uongezekapo chini yake, mkazo huzidi ingawa hakuna aliyeigusa.

Jeraha linalotoka damu. Vaa glavu, au funika mikono kwa mfuko safi wa plastiki. Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha, kisha kandamiza kwa kiganja bila kuachia kwa dakika 10. Damu ikipenya, usikiondoe kitambaa cha kwanza. Ongeza kingine juu yake. Ndipo uzungushe bendeji ili kukishikilia. Bendeji isigusane na kidonda chenyewe, wala isifungwe shingoni kamwe. Kioo au chuma kilichochomeka usikichomoe. Kandamiza pembeni mwake.

Kifundo cha mguu kilichoteguka. Vua kiatu na soksi kabla uvimbe haujazidi. Anza kufunga karibu na vidole ukipanda kuelekea goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Usiivute bendeji hadi ikome kuvutika. Acha ncha za vidole wazi. Mguu ukiwa umepinda, au mfupa umejitokeza, usiunyooshe wala kuukaza. Uzuie usitikisike hadi msaada ufike.

Ukaguzi. Bonyeza ukucha wa kidole kilicho mbele ya bendeji hadi upauke, kisha uachie. Rangi yake irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, legeza bendeji mara moja. Rudia ukaguzi huu kila dakika 10, hata kama majeruhi halalamiki.

Baadhi ya bendeji hizi zina mpira wa asili. Mwulize majeruhi kama mpira humletea vipele au humbana kifua. Akikubali, tumia bendeji ya kitambaa.

Wakati mmoja akifunga, mwingine atupigie simu kwa namba 999 au 112, akitaja mahali na idadi ya majeruhi. Nasi tunamwomba kila aliyesaidia asiondoke kwa hofu ya kuulizwa maswali. Maelezo yake juu ya saa aliyofunga bendeji na hali aliyomkuta nayo majeruhi humsaidia daktari, kwani bendeji ni msaada wa njiani. Tiba iko hospitalini.