Jumanne: Wema Unaovuka Mto

Soma Matendo 14:8-18. Watu wa Listra hawakuwa na Maandiko. Paulo aliwaelekeza kwenye nini ili wautambue wema wa Mungu aliye hai?

Katika sinagogi Paulo alizoea kuanza na torati na manabii. Huko Listra, mbele ya umati uliotaka kuwatolea mitume dhabihu ya ng'ombe, alianza na mvua, mavuno na chakula. Hata mkulima asiyejua kusoma aliweza kumfuata.

Kama angehubiri Msimbati, huenda angeanza na mikoko. Pale Mto Ruvuma unapoingia baharini, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, miti hiyo imesimama kwenye tope lenye chumvi ambamo muhogo usingeishi. Mchu huchomoza vidole vya mizizi juu ya tope ili upate hewa. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado juu ya mti mama. Hudondoka ikiwa mche tayari, na ikikuta maji yamejaa huelea hadi ipate pa kushika. Katikati ya mizizi hiyo samaki wachanga na kamba hujificha wasiliwe. Mvuvi anayetupa wavu mbali na hapo ananufaika na kitalu ambacho hakukipanda wala kukimwagilia. (Anayekata mikoko ovyo kwa kuni za kuchomea chokaa anachoma kitoweo cha wanawe.) Linganisha na Zaburi 104:24-30.

Lakini bahari hiyo hiyo ina siku nyingine. Alhamisi, Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kilikuwa njiani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari, na watu wa Mtwara wakatafuta mahali salama. Jioni kimbunga kikatua kusini ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Mtwara ikapona. Kule Macomia na kisiwani Ibo nyumba nyingi zilibomoka, na nchini humo watu zaidi ya 40 walipoteza maisha.

Si vigumu kukisia shukrani za Sabato iliyofuata: Mungu ni mwema, ametuepusha. Kushukuru hakukuwa kosa. Ila shukrani ikiishia hapo, inaacha swali zito. Je, alikuwa mwema kwa Mtwara, na kwa Ibo je? Wamakonde wanaishi kandokando ya mto huo pande zote mbili, na wengi wana ndugu ng'ambo. Kwao swali hili si la darasani tu.

Soma Luka 13:1-5 na Mathayo 5:43-48. Yesu anasema nini kuhusu waliopatwa na maafa, na kuhusu wanaopewa jua na mvua?

Yesu alikataa kabisa wazo kwamba walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa waovu kuliko jirani zao waliosalimika. Maafa si mizani ya haki ya mtu, na kunusurika si cheti. Tangu dhambi ilipoingia, uumbaji wote unaugua (Warumi 8:22), na tufani ni sehemu ya kuugua huko. Katika Mathayo 5 wema wa Baba unaonekana katika kile anachowapa wote, hata wasioomba. Jua la Mtwara ndilo la Palma. Mikoko imeota kingo zote mbili za Ruvuma, na samaki wanaokulia humo hawajui mpaka. Tena Yesu hakuutaja wema huo ili wasikilizaji wauvutie tu macho. Aliutaja kama sababu ya kumpenda hata adui. Sembuse ndugu wa ng'ambo ambaye paa lake limechukuliwa na upepo.

Jadilini darasani: Mshiriki mmoja anasimama kushukuru kwa sababu mikorosho yake imezaa vizuri. Aliyeketi pembeni yake, mikorosho yake iliungua kwa moto uliotoka shamba la jirani. Ni shukrani gani inayoweza kutolewa mbele ya wote wawili, na huyo wa kwanza afanye nini ibada ikiisha?