Kutoka Yopa: Kutii Pale Moyo Unapokataa



Wapendwa, tunapozungumzia kumtii Mungu hata pale tusipojisikia vizuri, mawazo yetu huenda haraka kwenye ugumu wa mwili: kengele ya alfajiri, jembe katika bustani ya seminari, utume katika kigango ambacho gari halifiki wakati wa masika. Ni magumu kweli, lakini mwili huzoea. Baada ya muhula mmoja kengele haimshtui mtu. Katika somo hili tunatazama ugumu mwingine, ule wa kutumwa kwa watu ambao hatupendi Mungu awahurumie.

Biblia inatuonyesha watu wawili waliosimama katika mji mmoja wa pwani, Yopa, kila mmoja akiwa na agizo la kwenda kwa wapagani. Wa kwanza ni nabii Yona, mwana wa Amitai. Aliambiwa aende Ninewi, upande wa mashariki. Yeye akateremka Yopa, akatafuta meli ya kwenda Tarshishi, mahali ambapo wengi huweka magharibi ya mbali, upande wa Hispania. Tena alilipa nauli mwenyewe. (Kukimbia nako kuna gharama zake.) Mara nyingi tunahubiriwa kwamba Yona aliogopa. Lakini tukisoma sura ya 4 aya ya 2 tunamkuta akieleza sababu kwa kinywa chake: alikimbia kwa kuwa alijua Mungu ni mwenye huruma, naye angeusamehe mji ule. Ninewi ulikuwa mji wa Waashuru, taifa lililokuja kuiteka Samaria mwaka 722 K.K. Kilichomkimbiza Yona ni ule msamaha ambao maadui zake wangeweza kuupata.

Wa pili ni Mtume Petro, katika Matendo ya Mitume sura ya 10. Yuko Yopa, katika nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, karibu na bahari. Saa sita mchana anapanda darini kusali. Hapo saa za Kiyahudi zinalingana na zetu, hatuhitaji kubadilisha chochote. Anaona njozi ya vyakula ambavyo hajawahi kuvigusa, anaambiwa ale, anakataa. Njozi inarudiwa mara tatu. Akiwa bado anajiuliza maana yake, watu watatu wanabisha mlangoni wakitoka kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi huko Kaisaria. Ni jeshi lilelile ambalo askari wake walimsulubisha Bwana.

Katika Injili ya Mathayo 16:17 Yesu anamwita Petro Simoni mwana wa Yona. Tusijenge fundisho zima juu ya jina, ila ni vigumu kusoma habari hii ya Yopa bila kulikumbuka.

Petro anawakaribisha wageni na kuwalaza. Kesho yake anasafiri nao, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kufuata pwani. Akiisha kufika anakiri waziwazi kwamba Myahudi haruhusiwi kuingia kwa mtu wa namna hii, kisha anauliza: mmeniitia nini? Ina maana alisafiri mwendo wote ule bila kujua sababu kamili.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Mzazi akisema “mtoto huyu hasikii”, hana maana ya ugonjwa wa masikio. Kusikia ni kutii. Kilatini nacho kina njia hiyohiyo, maana neno lake la kutii limetokana na neno la kusikia. Petro alikataa mara tatu, lakini aliendelea kusikiliza. Kumwambia Mungu kinachotutatiza si uasi. Yona alianza kwa kunyamaza, akashuka bandarini.

Hata hivyo tusiseme kwamba kila jambo gumu ni mapenzi ya Mungu. Wapo wanaotumia neno “utii” kuwanyamazisha wadogo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba utii ni fadhila, lakini mtu hafungwi kumtii mkubwa wake katika yote, hasa pale anapoamriwa kinyume cha amri ya Mungu. Petro naye hakutegemea njozi peke yake: alisubiri, Roho akasema, wajumbe wakathibitisha, tena akachukua ndugu sita wawe mashahidi. Alizihitaji shahidi hizo, kwa maana aliporudi Yerusalemu alilaumiwa kwa kula na wasiotahiriwa.

Wala hakumaliza siku ile. Katika Wagalatia sura ya 2 Paulo anasimulia jinsi Petro, huko Antiokia, alivyojitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake. Mtu aliyeuvuka mpaka mara moja alirudi nyuma yake watu wa nyumbani walipomtazama.

Macho hayo ya watu wa nyumbani tunayajua. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo sala huzunguka nyumba kwa nyumba, lakini huenda ipo nyumba ambayo ratiba huiruka: ya familia yenye kesi ya shamba na kiongozi, au ya bibi anayesemwa kuwa mchawi. Hili la bibi si dogo. Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa maneno ya aina hiyo, na kuruka nyumba yake ni njia ya kuyakubali hata kama hatukufungua kinywa. Mwanajumuiya mmoja akienda peke yake atasemwa pia. Petro alikwenda na ndugu sita. Sasa, ratiba ya mwezi ujao ikipangwa, ni akina nani sita watakaopiga hodi kwa bibi na kumwuliza kama Jumamosi inamfaa?